Mzee Aliyeimba Kwenye Kaseti Yetu

Kuna watu Kondele ambao mpaka leo watakuapia kwamba katikati ya miaka ya tisini kulikuwa na mzee mmoja hapa Kisumu aliyeimba kwa hasira. Sauti nzito, ya kifua. Alikuwa amekasirikia mfereji wa maji, amekasirikia kanjo, wale askari wa manispaa, amekasirikia gugu lililofunika ziwa. Wengine watakwambia alikuwa mtu wa Seme. Wengine watasema hapana, huyo ni wa Alego, walimwona kwa macho yao akinywa chai. Bwana mmoja aliwahi kuniambia mimi, tena ananitazama usoni, kwamba alihudhuria matanga ya huyo mzee na akala vizuri sana.

Mzee huyo ni mimi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mwembamba, na sikuwa nimekufa.

Tulikuwa bendi ya watu watatu. Mpiga gitaa alikuwa kijana wa Kikuyu ambaye wazazi wake walikuwa na duka la sufuria na karai pale Kondele. Wazazi walitaka auze sufuria, yeye akataka gitaa, na mwisho akawa anauza sufuria huku gitaa limemning'inia shingoni. Mpiga ngoma alitoka Nyalenda, kama mimi. Alijifunza ngoma kanisani, kanisa la kanzu nyeupe na misalaba mikubwa, mpaka wakamwondoa kwa kosa la kumaliza wimbo kabla ya waumini. Mimi ndiye niliyekuwa sauti. Gitaa la besi hatukuwa nalo, na wala hatukujua kama linahitajika.

Muziki wenyewe tuliuokota kwenye takataka, na hapo sitanii. Shangazi yake mpiga ngoma alikuwa akifua nguo Milimani kwa wazungu fulani. Wazungu wakarudi kwao, wakamwachia katoni: pazia, viatu visivyo na wenzao, na kaseti isiyo na maandishi yoyote. Tuliiweka kwenye redio ya dukani, nyuma ya sufuria. Wimbo wa kwanza ulipoanza tulidhani redio inatafuna utepe. Ukaisha kabla hatujaifikia redio kuizima, ukaanza wa pili.

"Omera," mpiga ngoma akasema, "hawa watu wamekosewa na nani?"

Hatukujua. Lakini sisi pia tulikuwa tumekosewa, tena na watu tuliowajua wanakolala. Miaka mingi baadaye kijana mmoja aliyesoma ng'ambo aliniambia muziki huo unaitwa panki, na kwamba yetu sisi ilikuwa ile panki ngumu kabisa. Nikamwambia ugumu wake niliufahamu, jina ndilo sikuwa nalo.

Sasa niseme kuhusu sauti yangu, maana kesi nzima iko hapo. Shuleni mwalimu wa kwaya aliniweka mstari wa mbele kwa sababu ya ufupi, halafu akainama akaninong'oneza, "Wewe fungua mdomo tu, usitoe kitu." Miaka minne nilifungua mdomo bila kutoa kitu. Nina vyeti viwili vya kuimba nilivyovipata hivyo hivyo. Mtaani waliniita Mbu. Kwenye foleni ya maji Nyalenda, nikiwa na jerikeni yangu, nikisema "sogea" hakuna aliyesogea. Kuna mama mmoja alikuwa hata hageuki, anapunga tu mkono karibu na sikio.

Iliniuma zaidi kwa sababu kwetu nyumbani sauti ilikuwepo, ila ilikuwa ya Baba. Miaka yote ya themanini Baba alikuwa mnadi wa samaki kwenye bichi. Mashua zikifika, yeye ndiye aliyesimama juu ya kreti na kuwapigia kelele wanunuzi. Alikuwa na sauti ya changarawe, nzito, yenye kukwaruza, na akishauza samaki wa mwisho alirudi nayo nyumbani vile vile ilivyo. Akiwa bado yuko mbali, hata hatujamwona, tulimsikia akimwita Mama: "Nyar Uyoma!" Maana yake ni binti wa Uyoma, kwa sababu ndiko alikomwoa, na kwetu mke huitwa kwa alikotoka. Kila mtu alimwita Mama hivyo, hata mwenye kiosk. Lakini Baba alikuwa akiifikia ile "yo" anaipandisha, anaishikilia huko juu, halafu anaiachia polepole. Na Mama, popote alipo, na chochote kilichoko mkononi, alijibu, "Abiro!" Nakuja! Anayekuja ni Baba, lakini anayesema nakuja ni Mama. Hawakuwahi kuona kasoro yoyote hapo.

Baba alikufa nikiwa kidato cha tatu. Homa ya siku nne, basi. Picha zake tulikuwa nazo tatu, moja amefumba macho. Sauti yake hatukuwa nayo popote. Nani angefikiria kumrekodi mtu ambaye kazi ilikuwa kumnyamazisha? Nyumba ikawa na ukimya mbaya sana, na mimi na sauti yangu ya mbu hatukuweza kuujaza.

Kwa hiyo nilipoingia kwenye bendi nilitaka kitu kimoja, na nakisema wazi. Nilitaka nipige kelele, watu wasikie, na wajue ni mimi. Mama hasa. Yeye alikuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, Kondele, ng'ambo ya barabara kutoka duka la sufuria, na tulipokuwa tukifanya mazoezi alituma ujumbe kupitia wateja wake: "Hebu waulize hao watoto wanachinja nini huko nyuma." Ndio maoni pekee aliyowahi kutoa.

Albamu yetu ilikuwa na nyimbo kumi na nne. Tuliiita "Sogea", kama wimbo wake wa kwanza. Kulikuwa na "Kanjo", kulikuwa na "Gugu", kulikuwa na "Mwenye Nyumba", na nyingine sitazitaja kwa sababu wahusika bado wako hai. Kwa jumla zilichukua dakika kumi na tisa. Studio tuliyoipata ilikuwa chumba nyuma ya duka la cherehani mjini, kuta zimebandikwa trei za mayai, na mwenyewe alikuwa mzee wa benga. Yeye alikuwa ameimeza benga tangu ujana, ule muziki wetu wa gitaa tamu na kiuno, na alikuwa amerekodi bendi nyingi za upande huu. Kila mtu alimwita Fundi.

"Wimbo wa kwanza una dakika ngapi?" akatuuliza.

"Moja na sekunde kumi," mpiga gitaa akasema.

"Hiyo ni salamu. Nauliza wimbo."

"Fundi, ndio huo wimbo."

Akatutazama mmoja mmoja. "Na ndani mnasifu nani?" Maana kwenye benga lazima usifu watu, ndio desturi, mtu atajwe, atabasamu, atikise kichwa.

"Hatusifu mtu," nikasema. "Tunatukana kanjo."

"Haya," akasema, akaandika mahali: Sifa, hakuna.

Akapanga maikrofoni, akavaa hedifoni, akawasha ile mashine yake kubwa ya utepe wa magurudumu. Tukaanza. Sijui alivumilia sekunde ngapi. Nilichoona ni kwamba alivua hedifoni taratibu, akaziweka mezani kwa heshima, akafungua mlango, akaenda kukaa na fundi wa cherehani huko mbele. Mashine ikabaki ikizunguka peke yake. Sisi hatukujali. Jameni, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilipiga kelele mpaka nikaona nyota, mpaka trei moja ya mayai ikabanduka ukutani, nikamtukana kanjo, nikamtukana mwenye nyumba, nikamtukana mwalimu wa kwaya bila kumtaja. Kila neno nililowahi kumeza kwenye foleni ya maji nililitema pale.

Tulipotoka, Fundi alikuwa na kikombe cha chai mkononi. "Mmemaliza kujipasha moto?"

"Tumemaliza albamu, Fundi."

Chai yake bado ilikuwa inatoa moshi.

Alituahidi kaseti mia moja baada ya wiki mbili. Jalada nililichora mwenyewe, jerikeni iliyopasuka, tukalitolea nakala kwenye mashine ya shule. Siku ya uzinduzi ikapangwa: Jumamosi mchana, kwenye veranda ya duka la sufuria, spika mbili zimeegemea mlima wa karai. Katoni ya kaseti ikafika asubuhi hiyo hiyo, imefungwa kwenye baiskeli. Hakuna aliyefikiria kuijaribu hata moja. Tungezijaribu za nini? Tulikuwa tunazijua nyimbo zetu.

Watu wakajaa, kwa sababu Kondele Jumamosi mchana hata ukidondosha kijiko watu wanajaa. Mama alikuwa ng'ambo, nyuma ya omena yake, anajifanya hatazami. Mpiga gitaa akafanya hotuba fupi ambayo hakuna aliyeisikia, akaweka kaseti, akabonyeza.

Ngoma zikaanza. Nikasema moyoni, mbona zinatembea? Zetu zilikuwa zinakimbia. Hizi zilikuwa zinatembea, tena zinachechemea vizuri, zinasubiriana. Gitaa likaingia likiwa na utamu ambao hatukuutia. Halafu ikaja sauti.

"SOGEA," ikasema. Sauti ya mzee, pana, ya changarawe. Mzee wa miaka hamsini hivi, amesimama kwenye foleni ya maji tangu alfajiri, na sasa ameamua.

Nilimtazama mpiga ngoma. Mpiga ngoma alikuwa ameshika kichwa. Lakini watu! Yawa, watu walianza kucheza. Akina mama wa nyanya wakaacha nyanya. Kijana wa boda boda akashuka kwenye baiskeli, akaiacha ianguke yenyewe. Mzee akisema sogea, watu wanasogea, wanacheka, wanarudi. Wakaanza kuulizana: "Ni nani huyu mzee? Huyu mzee ametoka wapi?"

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Huyo ni mimi!"

Bwana mmoja aliyekuwa karibu akanigeukia. "Wewe? Na hiyo sauti ya mbu?" Akacheka mpaka akashika karai asianguke. Akawaambia wengine, na wao wakacheka. Nikasema tena ni mimi, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu nilivyopaza sauti ndivyo ilivyozidi kuwa nyembamba. Nilitamani kumpiga mtu na sufuria, na zilikuwa tele.

Hapo ndipo nilipomwona Mama akivuka barabara. Hakutazama kulia wala kushoto. Vumbi la omena mikononi, leso imelegea. Akasimama mbele ya spika, karibu kabisa, wimbo ukaisha, mwingine ukaanza, yeye bado amesimama. Alikuwa hachezi. Wimbo wa nne ulipoanza akanigeukia, uso umebadilika.

"Mmeitoa wapi hii?"

"Mama, ni sisi. Imeharibika, sijui imekuwaje, lakini ni sisi."

"Nimekuuliza mmeitoa wapi sauti ya baba yako."

Nikafungua mdomo bila kutoa kitu, kama kwenye kwaya. Kwa sababu aliposema hivyo nilisikia. Ilikuwa ni yeye. Si kufanana kidogo, ni yeye, amesimama juu ya kreti.

Jumatatu nilikuwa kwa Fundi kabla hajafungua mlango. Nilimkuta anafurahi, amesikia habari za Kondele.

"Umeona?" akasema. "Nilijua. Nilipoanza kutoa nakala nikasikia ngoma zinakimbia, nikajua ni ile homa ya mashine yangu. Huwa inashikwa. Hakuna binadamu anayepiga ngoma hivyo. Nikazungusha swichi ya mwendo, nikapunguza, nikapunguza, siku nzima, mpaka gitaa likakubali kiuno."

"Fundi, mashine haikuwa na homa. Ndivyo tulivyopiga."

"Kwa kupenda?"

"Kwa kupenda. Na ile sauti ni yangu. Umepunguza mwendo mpaka sauti nayo ikazama, umenifanya mwanamume!"

"Sauti nilijua ni yako," akasema, na naapa alikuwa ananihurumia. "Nilisema, maskini, kumbe huyu msichana ana sauti nzuri hivi, mashine ndiyo imemharibia. Nikaona niitengeneze."

Hasira ilinipanda. Ubaya wenyewe ni kwamba hakuwa na ubaya. Angekuwa mwovu ningemtungia wimbo.

Alikubali kurudia kazi, mwendo ule ule tuliopiga, lakini kaseti tupu zilikuwa zimekwisha. Ilibidi tukusanye zile za kwanza, zifutwe, zirekodiwe upya juu yake. Nusu zilikuwa bado dukani. Nyingine tulienda nyumba kwa nyumba kuziomba, mimi na mpiga ngoma, na hapo ndipo niliposikia matusi kutoka kwa mashabiki wangu. Mama wa nyanya alikataa katakata: "Mzee wangu simtoi." Kijana wa boda boda alitaka kujua kwa nini ninamwonea mzee wa watu wivu. Mpiga gitaa naye alianza kuleta siasa. Alisema kwa nini tusiache tu, watu wamependa, mbona tunajitafutia shida. Tuligombana wiki nzima, nikamwambia yeye gitaa lake limeharakishwa au limepunguzwa linabaki gitaa, mimi nimepotea kabisa. Akaelewa, au alichoka. Tukapata kaseti themanini na kitu.

Moja kati ya zilizobaki ilikuwa kwetu. Nilijua, kwa sababu kila asubuhi Mama alikuwa akitenga omena huku redio iko chini ya kiti, na humo mzee anamkemea kanjo.

"Mama, nipe hiyo kaseti."

"Sikupi."

"Huyo si Baba. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Unadhani mimi mjinga?" Aliendelea kutenga omena, wazima huku, vipande huku. "Niachie."

"Nimekuwekea ile mpya, ya ukweli, hujaisikiliza hata mara moja."

"Hiyo inakimbia. Sina miguu."

Niseme tu, nilimwonea wivu mtu aliyekufa, tena baba yangu mzazi. Nilikuwa nimemlilia miaka sita, na sasa nilikuwa nataka anyamaze anipishe. Niliona haya na sikuacha kutaka.

Uzinduzi wa pili tulifanya mwezi uliofuata, veranda ile ile. Safari hii zilikuwa nyimbo zetu kama zilivyo, ngoma zinakimbia, mimi juu yake nimepasua koo. Watu walisimama kidogo, wakatazamana, wakauliza mzee yuko wapi. Waliochukua kaseti walianza kuzirudisha jioni hiyo hiyo. Mmoja alisema imeharibika. Mwingine alisema kwake imeharibu na redio. Vijana kama wanane hivi hawakurudisha, na mmoja wao, msichana wa shule mwenye meno ya mbele yaliyoachana, alinishika mkono akaniambia, "Dada, huyu anayelia ni wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Poa sana." Nilitembea na hiyo "poa sana" mpaka nyumbani. Nilipofika nilikuta mzee anaimba chini ya kiti.

Ikawa hivyo miezi kadhaa. Mimi na Mama tulikuwa tunaongea habari za chumvi, za maji, za kuni, basi. Halafu asubuhi moja akazima redio mwenyewe, akakaa akitazama mikono yake.

"Huyu wa kwenye kaseti," akasema, "anajua kusema sogea. Anajua kusema kanjo. Anajua kusema gugu. Nimemsikiliza mpaka nimemkariri. Hajui kuniita?"

Sikumwelewa mara moja. Nilipomwelewa nilitoka nje nikasimama karibu na jerikeni, nikajifanya natafuta kifuniko.

Fundi hakuniuliza maswali mengi. Nilimwambia ninataka kurekodi maneno mawili, na ayapunguze mpaka pale pale alipoifikisha albamu. Alikuwa bado ana alama ya kalamu kwenye ile swichi ya mwendo. Safari hii alivaa hedifoni na hakuzivua. Nikasimama mbele ya maikrofoni nikapiga kelele jina la mama yangu kwa nguvu zote: Nyar Uyoma! Fundi wa cherehani akachungulia mlangoni.

Fundi wa studio akairudisha, akaipunguza, tukasikiliza. Ilikuwa sauti ya Baba, lakini imekasirika.

"Huyo anamfokea," Fundi akasema. "Baba yako alikuwa akimfokea mama yako?"

"Hapana. Alikuwa anarudi nyumbani."

"Sasa msichana wangu, rudi nyumbani."

Tulirudia, sijui mara ngapi. Ilibidi niiseme haraka ili ikivutwa ikae sawa, niipandishe "yo" juu sana, mahali ambapo ni mbu tu hufika, ili ikishushwa ifike pale Baba alipokuwa akiishikilia. Mwisho nilifumba macho nikajiona niko njiani, samaki wamekwisha, moshi wa jikoni unaonekana. Fundi alipoisikiliza hiyo alinyoosha mkono, nikampa kaseti niliyoitoa chini ya kiti. Akaiweka mwishoni mwa upande wa pili wa ile kaseti ya Mama, pale utepe ulipokuwa mtupu.

Nilimwekea kaseti hiyo Jumapili asubuhi kabla ya kanisa. Alikuwa kwenye benchi, anachambua maharagwe kwenye ungo mapajani. Sikumwambia kitu. Nilibonyeza tu nikakaa mlangoni. Utepe ukavuma kidogo.

"Nyar Uyoma!"

"Abiro!"

Alishasimama. Ungo umeanguka, maharagwe yanakimbia sakafuni, naye amefika mlangoni, amenipita, mkono mmoja umeshika mwimo, anatazama njia. Njiani kulikuwa na kuku wa jirani. Akabaki pale, mgongo wake ukinielekea, muda mrefu. Nililia, nikajua na yeye analia kwa jinsi alivyoshika ule mwimo.

Alipogeuka alijifuta uso kwa leso, akainama, tukaokota maharagwe pamoja, punje kwa punje. Yalipokwisha akarudi kwenye benchi.

"Itoe hiyo," akasema. "Uiweke vizuri, isipotee."

Nikaitoa.

"Sasa niwekee ile yako. Ile inayokimbia."

"Mama, si lazima."

"Nimesema weka."

Nikaweka. Alisikiliza dakika zote kumi na tisa, amefumba macho, anakunja uso kama anayetolewa mwiba. Wimbo wa kanjo ulipofika mdomo wake ulitikisika kidogo, nadhani alicheka. Kaseti ikafika mwisho ikajizima yenyewe, tak.

"Huyu ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mama."

"Una kelele mbaya sana, nyathina, mwanangu."

"Najua."

"Huyo mwenye nyumba akisikia atatufukuza." Akafikiri kidogo. "Rudia ile ya kwanza."

Nikarudisha utepe mwanzo, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Mimi wa kwenye redio nikapiga kelele, sogea, na mama yangu akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi ya kukaa.